Maji ya kufulia na vyombo kuukuu katika bustani ndogo: kipi kitumike na kipi kiachwe

SWALI: Nimeanzisha bustani ndogo pembeni mwa nyumba kwa kutumia vitu nilivyokuwa navyo: ndoo kuukuu za plastiki, chupa za maji, beseni lililopasuka, makopo ya rangi na matairi mawili. Ili nisipoteze maji, mboga zangu nazimwagilia maji ya kufulia nguo na ya kuoshea vyombo, ambayo nayakusanya kwanza katika pipa. Wiki za mwanzo mimea ilistawi, lakini sasa kingo za majani zinakauka na kuwa za kahawia, udongo umefanya ukoko mweupe, na maji yanatuama juu badala ya kuzama. Pipa nalo linanuka. Nimekosea wapi, na kati ya vitu hivi ni vipi vilivyo salama kwa mboga za kula?

JIBU: Dalili ulizozieleza, zikitazamwa pamoja, hazionyeshi ugonjwa wala upungufu wa mbolea. Ukoko mweupe, kingo za majani zinazoungua na udongo unaokataa kunywa maji ni alama tatu za jambo moja, nalo ni chumvi iliyojikusanya, hasa sodiamu inayotoka katika sabuni. Wazo lako la kutumia maji mara ya pili ni zuri na sitaki uliache. Kilichokosekana ni kuyapeleka maji ya kila aina mahali panapoyaweza, kwa sababu maji ambayo mwembe ulioota ardhini ungeyapokea bila shida yanaweza kuiua mboga iliyo ndani ya ndoo.

Nianze na ndoo yenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mmea unapovuta maji na kuyatoa hewani kupitia majani, hutoa maji matupu. Chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki kwenye udongo. Katika ardhi ya kawaida mvua huja ikaisukuma chumvi hiyo chini, mbali na mizizi, na kina cha udongo ni kikubwa kiasi cha kuipunguza nguvu. Ndoo haina kina hicho, na mara nyingi mtu humwagilia kiasi cha kulowesha tu, bila maji kutoka kwa wingi chini. Tuseme maji yako ya kufulia yana gramu 1 ya chumvi za sabuni katika kila lita, na ndoo ya lita 10 za udongo inapata lita 1 kwa siku. Baada ya siku 30 ndoo hiyo imepokea gramu 30, na baada ya siku 60 imepokea gramu 60, na karibu zote zimo ndani bado. Haba na haba hujaza kibaba, na ndiyo sababu mimea ilionekana kustawi wiki za mwanzo kabla ya kudhoofika: maji yako hayakubadilika, bali kiwango cha chumvi kwenye udongo kilipanda polepole mpaka kikavuka uwezo wa mizizi.

Chumvi hiyo hudhuru kwa njia zaidi ya moja. Kwanza, inayashikilia maji, hivyo mizizi inashindwa kuyavuta hata kama udongo umelowa, na mmea unanyauka kana kwamba una kiu. Mtu asiyejua sababu huongeza maji yale yale na kuzidisha madhara. Pili, sodiamu huvunja mshikamano wa chembe ndogo za udongo wa mfinyanzi. Chembe zikiachana huziba matundu madogo ambamo maji na hewa hupita, na udongo ukikauka hufanya ganda gumu. Huko kutuama kwa maji unakokuona ndiko kunakotokana na jambo hili. Tatu, maji ya sabuni ya unga huwa na ualkali mwingi, yaani kinyume cha uchachu wa asidi, na udongo wenye ualkali huyafunga madini ya chuma yasifyonzwe, ndipo majani machanga yanapogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona dalili hiyo usimwage majivu ukidhani unaongeza mbolea, kwa kuwa majivu nayo yana ualkali na yatazidisha tatizo.

Sabuni hazifanani. Sabuni nyingi za unga zina kiasi kikubwa cha kaboneti na salfeti ya sodiamu, ambazo huwekwa ili kulainisha maji, kuongeza nguvu ya kusafisha au kujaza uzito tu. Sabuni za maji kwa kawaida zina sodiamu pungufu kuliko hizo, na zile zilizotengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu zina nafuu zaidi, kwa sababu potasiamu ni chakula cha mmea. Soma maelezo yaliyoandikwa kwenye pakiti. Ukikuta boraksi au boroni kwa namna yoyote, maji hayo yasifike bustanini, kwani ingawa mmea unahitaji boroni kidogo sana, kiasi kinachoufaa na kiasi kinachouua vinakaribiana mno, na maharage pamoja na miti ya jamii ya limau huathirika mapema. Maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, dawa ya kulainishia nguo, rangi ya nguo au dawa ya kusafishia choo na sakafu yamwagwe kwenye bomba la maji machafu, bila kufikiriwa mara ya pili.

Zaidi ya aina ya sabuni, tazama ni maji ya hatua gani ya ufuaji. Maji ya kwanza yana karibu sabuni yote na uchafu wote. Ya suuza la pili au la tatu yana mabaki tu. Kama unafua kwa mikono una faida kubwa hapa, kwa sababu mabeseni yako tayari yamekutenganishia maji. Anayetumia mashine naye anaweza kuchukua bomba la kutolea maji na kulielekeza kwenye ndoo wakati wa suuza la mwisho pekee. Napendekeza maji ya kwanza uyamwage, ya suuza uyapeleke kwenye miti na maua yaliyo ardhini, na yasiingie kabisa katika vyombo vya mboga. Nasema yasiingie kabisa kwa sababu ninajua jinsi kanuni yenye upenyo inavyozoeleka: leo ni nusu lita kwa kuwa jua ni kali, kesho ni lita nzima, na mwezi unaofuata ukoko umerudi.

Maji ya kuoshea vyombo yana tatizo la aina nyingine. Sodiamu inayotoka katika sabuni yake huwa ndogo, lakini yana mafuta, chumvi ya chakula na mabaki yanayooza. Mafuta hufunika chembe za udongo hadi maji yateleze juu yake, na mabaki huwaita panya, nzi na mende. Kuna, hata hivyo, maji mengi ya jikoni ambayo hayana kosa lolote na ambayo watu huyamwaga bila kufikiri: maji ya kuoshea matunda na mboga, maji ya kuoshea mchele, na maji ya kuchemshia mayai, viazi au mboga yaliyopoa na ambayo hayakutiwa chumvi. Haya yanafaa kwa ndoo zako. Ya kuoshea mchele na ya kuchemshia viazi yana wanga, hivyo yatumie siku hiyo hiyo kabla hayajachacha.

Sasa nije kwenye afya, ambayo katika barua yako hukuiuliza moja kwa moja lakini harufu ya pipa imeiuliza kwa niaba yako. Maji yaliyogusa mwili, nguo na vyombo huwa na vijidudu pamoja na chakula cha kuvilisha. Yakikaa pipani, vijidudu huongezeka, hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji huisha, na aina zinazoishi bila oksijeni huanza kutoa gesi zenye harufu ya mayai yaliyooza. Kwa hiyo maji yaliyokwisha kutumika hayawekwi akiba. Hutumika siku ile ile, na kikomo chake ni saa 24. Limwage pipa lako lote chini ya mti au mahali pasipolimwa, lisugue, likauke juani, kisha ulitenge kwa ajili ya maji ya mvua peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 mwongozo kuhusu matumizi salama ya maji machafu katika kilimo, na juzuu yake ya nne inagusa pia maji ya nyumbani yasiyotoka chooni. Msingi wa miongozo ya namna hii ni kuweka vizuizi kadhaa kati ya maji hayo na kinywa cha mlaji, ili kimoja kikishindwa kingine kisaidie.

Kwa bustani ya nyumbani vizuizi hivyo ni vyepesi kuvifuata. Maji yamwagwe kwenye udongo, kamwe yasinyunyiziwe juu ya majani. Yasitumike kwa mboga zinazoliwa mbichi wala kwa zile zinazoliwa mizizi, kama karoti na figili, hata kama utazimenya. Maji yaliyofulia nepi, nguo za mgonjwa au nguo zilizopata damu yasiingie bustanini kwa hali yoyote. Yasimwagwe karibu na kisima, wala mahali watoto wanapocheza, wala wakati udongo umekwisha kushiba mvua na maji yatatiririka kwenda kwa jirani. Ukimaliza, nawa mikono.

Mahali panapofaa kwa maji ya suuza ni miti ya matunda, ua wa michongoma, mimea ya maua na migomba iliyo ardhini. Chimba kishimo kipana cha kina kifupi kuuzunguka mti, umbali wa hatua moja kutoka kwenye shina, ukijaze vipande vya mbao, majani makavu au maganda magumu, na umwage maji humo. Vijidudu wazuri wanaoishi kwenye takataka hizo watakula mabaki ya sabuni na ya uchafu kabla hayajafika mbali, na uso wa maji hautaonekana, hivyo mbu hatapata pa kutagia. Usiumwagilie mti mmoja kila siku. Zungusha, na msimu wa mvua uache kabisa ili mvua isafishe. Miche michanga isihesabiwe katika mzunguko huu, kwa kuwa mizizi yake ni laini mno.

Hapo utauliza ndoo za mboga zitapata wapi maji. Nyumba nyingi zina maji safi yanayopotea kuliko mwenyewe anavyodhani, nami ningeanza na hayo kabla ya kugusa yenye sabuni. Maji baridi yanayotoka bombani wakati unasubiri ya moto yafike ni safi kabisa; weka ndoo chini yake. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayafai kunywewa, lakini karibu hayana chumvi, na kwa sababu hiyo yanaifaa sana ndoo iliyolemewa na chumvi kama zako. Maji unayoyatoa unapobadilisha ya samaki wa mapambo yana naitrojeni inayotokana na kinyesi chao na huifurahisha mimea, ilimradi samaki hao si wa maji ya bahari na hawakutiwa dawa wala chumvi. Kinyume chake, kama nyumba yako ina mtambo wa kulainisha maji unaojazwa chumvi, maji yake hubeba sodiamu hata kabla hujaweka sabuni. Tafuta bomba lililo kabla ya mtambo.

Kuliko yote hayo ni maji ya mvua, na hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1. Paa la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 200, na ukitoa yanayopotea kwa kuruka na kulowesha paa bado utapata kama lita 160 au zaidi. Pipa ulilolisafisha litajaa kwa mvua moja ya wastani. Lita 10 hadi 20 za mwanzo kwa paa la ukubwa huo ziache zipite, kwa sababu ndizo zinazobeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Maji ya paa lililopakwa rangi ya zamani yenye risasi, au la mabati ya asbesto yaliyoanza kumomonyoka, yasitumike kwa mboga. Pipa la lita 200 likijaa huzidi kilo 200, kwa hiyo lisimame juu ya msingi imara na wa sawasawa, hasa penye watoto. Lifunikwe kwa kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa kamba kuzunguka mdomo wote, bila mwanya. Katika hali ya joto yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, na mbu wa aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, hupendelea kutaga katika vyombo vya nyumbani kama hivi, pamoja na visahani vya chini ya ndoo.

Kabla ya kuyatumia maji hayo mapya, ndoo zilizoharibika zinahitaji kusafishwa. Kwangua ukoko mweupe na sentimita 1 au 2 za udongo ulio chini yake, uutupe mbali na bustani. Kama udongo wako una mfinyanzi mwingi, nyunyiza jasi ya kilimo kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 10 na uichanganye juu juu, kwa sababu kalsiamu iliyomo hushika nafasi ya sodiamu kwenye chembe za udongo na kuziwezesha kushikamana tena. Usiruke hatua hii kwa udongo wa aina hiyo, maana maji matupu yakipitishwa katika mfinyanzi wenye sodiamu yanaweza kuutawanya zaidi. Kisha pitisha maji safi, polepole na kwa awamu, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chombo, yaani lita 20 kwa ndoo ya lita 10, na uhakikishe yanatoka chini na kwenda zake. Kisahani kilichojaa maji hayo kikiachwa chini ya ndoo, udongo utayanywa tena pamoja na chumvi uliyoitoa. Usafishaji huu huondoa na virutubisho, hivyo baada ya siku chache ongeza tabaka la mboji iliyoiva. Mwisho funika uso wa udongo kwa matandazo ya majani makavu au vipande vya maboksi yasiyo na gundi wala plastiki, ili maji yapungue kasi ya kukauka, kwa kuwa kukauka ndiko kunakoivuta chumvi juu.

Sasa vyombo. Ndoo za plastiki zilizowahi kubeba chakula ni bora kuliko vyote ulivyovitaja. Geuza kitako utafute pembetatu ya mishale yenye namba: namba 2 na 5 ni plastiki ngumu zinazodumu na ndizo ninazozipendekeza, namba 1, ambayo ndiyo ya chupa za maji, haina shida kwa matumizi mafupi ingawa jua huifanya ikatike mapema, namba 3 na 6 ziache, na namba 7 ni mchanganyiko usioweza kuujua, hivyo usiupandie chakula. Plastiki yoyote iliyoanza kuchanika na kutoa unga ikiguswa iondolewe kabla vipande vyake havijazama udongoni. Beseni lililopasuka halina ubaya. Lifunge waya kuzunguka mdomo ili ufa usiongezeke, na ufa wenyewe utakuwa njia ya maji.

Makopo ya rangi siyakubali kwa mboga. Rangi za zamani ziliweza kuwa na risasi, na hata mpya zina viambato ambavyo havikukusudiwa kuingia mwilini, wala hakuna namna ya nyumbani ya kuthibitisha kwamba kopo limetakata. Yapandie maua. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, ya magugu au mafuta ya injini kisipandiwe chochote, kisibebe maji, wala asipewe mtu mwingine. Matairi ni swali ambalo watu hubishana sana. Mpira wake una zinki na masizi yenye kemikali zitokanazo na mafuta, na kadiri linavyochakaa ndivyo linavyoachia baadhi ya vitu hivyo. Kiasi kinachoingia kwenye mmea hakijawa jambo la kumtisha mtu, lakini kwa kuwa una ndoo za kutosha sioni sababu ya kula kilichoota ndani ya tairi. Yaweke kwa maua, uyatoboe chini yasihifadhi maji ya mbu. Na kama siku moja utapata mbao za paleti, tafuta mhuri uliochomwa ubavuni: herufi HT humaanisha mbao zilitibiwa kwa joto na zinafaa, ila herufi MB humaanisha zilifukizwa kwa gesi ya sumu, nazo ziachwe.

Kila chombo kiwe na matundu, na hili linahusiana moja kwa moja na chumvi, kwa sababu chombo kisichotoa maji hakiwezi kusafishwa. Matundu matano hadi manane yenye upana wa kidole kidogo yanatosha ndoo ya kawaida; yatoboe kwa keekee, au kwa msumari uliopashwa moto ukiwa nje penye upepo, kwani kugonga msumari baridi hupasua plastiki. Watu wengi huweka kokoto chini ya ndoo wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa, hivyo kokoto hupandisha tu eneo lenye unyevu mwingi karibu na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo. Tandika kipande cha chandarua juu ya matundu ili udongo usitoke, kisha jaza udongo hadi chini kabisa. Mboga za majani zinaridhika na kina cha sentimita 15 hadi 20. Nyanya moja inahitaji chombo cha lita 20 hivi na kina cha sentimita 30. Vyombo vyeusi vivike nguo nyeupe kuukuu upande wa jua kali, kwa sababu mizizi iliyo ukutani huiva mapema kuliko mtu anavyotambua.

Chupa zako zina kazi nzuri kuliko kupandwa. Njia ya kwanza ni utambi: kata chupa katikati, geuza nusu ya juu iingie ndani ya nusu ya chini, pitisha ukanda wa nguo kuukuu katika mdomo hadi uguse maji yaliyo chini, na ujaze udongo juu. Maji hupanda kwenye utambi na udongo kadiri mmea unavyovuta. Ukanda wa nailoni hudumu kuliko wa pamba, ambao huoza, na kimo cha udongo kisizidi sentimita 20 ili unyevu ufike juu. Kwa kuwa maji yanatoka chini kwenda juu, chumvi yote huishia usoni, kwa hiyo chombo cha utambi kipewe maji safi tu, na mara moja kwa mwezi kimwagiliwe kutoka juu mpaka maji yamwagike. Njia ya pili ni ya kale zaidi, nayo imeelezwa katika maandiko ya kilimo ya China ya karne ya 1 kabla ya Kristo: chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa huzikwa hadi shingoni katikati ya mimea, hujazwa maji na kufunikwa. Udongo ukikauka huvuta maji kupitia kuta za chungu, ukilowa uvutaji hupungua wenyewe. Chungu kilichopasuka mdomo tu kinafaa kabisa, na hakuna kifaa kingine cha nyumbani ninachokiamini zaidi kwa mtu anayesafiri siku mbili tatu.

Kuhusu mabaki ya jikoni nitasema machache. Maganda ya mayai, machicha ya kahawa, majani ya chai na maganda ya ndizi yote yapite kwenye mboji. Ganda la yai likiwekwa zima udongoni huchukua muda mrefu sana kuyeyuka, machicha ya kahawa yakirundikwa juu hufanya tabaka linalozuia maji, na maji yaliyolowekwa maganda ya ndizi yana virutubisho kidogo kuliko sifa yanayopewa.

Majani yaliyokwisha kuungua hayatarudi kuwa kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima kama tiba imefaulu. Yakate yale yaliyokauka zaidi ya nusu, uyaache mengine yaendelee kuulisha mmea, na utazame majani yatakayochipua katika wiki mbili au tatu baada ya kuisafisha ndoo. Yakitoka na kingo nzima, na maji ukiyamwaga yakazama ndani ya dakika moja hivi, endelea na maji ya mvua na ya jikoni kama nilivyoeleza. Yakitoka yameungua tena, ng'oa mmea, utawanye udongo wa ndoo hiyo kwa tabaka jembamba chini ya miti ambako mvua itauosha, kisha ujaze udongo mpya uliochanganywa na mboji na upande upya.